Wakala Aliyekataa Kuandika Spika

Kwa miaka tisa kati yangu na yeye palikuwa na ubao mmoja tu. Upande wangu kulikuwa na mashine ya kutoa kopi, kompyuta moja na kabati la daftari. Upande wake kulikuwa na meza, viti vitatu vya plastiki na mafaili yaliyopangwa ukutani hadi karibu na dari. Fremu zetu za biashara zilikuwa Ilemela, kwenye barabara ya kwenda uwanja wa ndege, mkabala na ghala vilikofikia vifurushi vya kutoka nje. Yeye alikuwa wakala wa forodha. Mtu akiagiza kitu mtandaoni, kikafika, kikazuiwa kwa ajili ya ushuru, naye akashindwa kuelewa karatasi aliyopewa dirishani, alivuka barabara na kuja kwake. Watu walimwita Wakala, basi, kana kwamba ndilo jina alilobatizwa. Mimi nilimwita mama kwa sababu umri wake ulitosha kunizaa, naye aliniita Baba Neema.

Kwamba ni mtu wa Bukoba nilijua kwa zile kahawa za kutafuna, zilizokaushwa na maganda yake, alizozifunga kwenye kipande cha gazeti na kuzitia mdomoni moja moja tangu asubuhi. Hakuvuta kiti kukusimulia habari za nyumbani kwao, nami sikuuliza. Nilijua anasali kwa Walutheri, nilijua miguu yake huvimba, na nilijua sauti yake kuliko nilivyojua sauti ya mke wangu, maana ule ubao haukuzuia kitu.

Miguu ndiyo iliyokuwa saa yake. Alipofika asubuhi alivua viatu, akavisukuma chini ya meza na kuvaa kandambili. Akiitwa ghalani, hata kama ni kupeleka karatasi moja tu na kurudi, alivaa viatu tena, akafunga na vifungo vyake, huku akigugumia kwa maumivu. Siku moja nilimwambia, "Mama, si uende hivyo hivyo tu? Ni kuvuka barabara." Akanitazama juu ya miwani. "Nikaombe haki ya mtu nikiwa na kandambili? Watanipa haki ya kandambili." Akavuka, polepole, bodaboda zikimpigia honi.

Mezani alikuwa na kitabu kinene cha ushuru, jalada lake limeshikiliwa na gundi ya karatasi niliyokuwa nikimuuzia mimi. Ndani yake kila bidhaa ina namba, na kila namba ina kiwango chake. Viatu vya ngozi vina namba yao, vya plastiki yao, soli peke yake yake. Vijana wa mawakala wengine walikuwa nacho kwenye simu. Yeye alisema kwenye simu huwezi kuweka kidole. Aliweza kukaa saa nzima na kidole kwenye mstari mmoja, akitafuta kama mashine ya kunyolea ya mteja ni ya saluni au ya nyumbani, na mteja anapumua mbele yake kwa hasira.

Maelezo aliyowapa wateja yalikuwa yale yale kila siku, kwa sauti ile ile iliyochoka, nami niliyakariri bila kutaka. Mama mmoja mwenye saluni aliwahi kuja na karatasi mkononi, akiitikisa.

"Mbona nililipa kila kitu kwenye simu? Pesa ilikatwa, nina ujumbe!"

"Ulilipia kitu, na ulilipia ndege," Wakala akasema. "Kuingia nchini hujalipia."

"Na hii hesabu? Mimi nilinunua kwa bei ndogo, wao wameandika kubwa."

"Wamechukua bei, wakajumlisha na usafiri na bima. Hapo ndipo ushuru unapopigiwa. Halafu kodi ya ongezeko la thamani inapigwa juu ya vyote hivyo, na ushuru ukiwemo."

"Yaani nalipia kodi hata nauli?"

"Hata nauli."

"Na kodi nalipia juu ya ushuru?"

"Juu ya ushuru."

Nilijua kinachofuata, maana kilifuata kila mara. Wakala angeshusha pumzi na kusema, "Ulitazama bei, mwanangu. Wengi hutazama bei." Hakusema kwa kukejeli. Alisema kama daktari anayemwambia mtu wa mia kwamba ana malaria.

Wauzaji wa huko nje ndio waliomchosha kuliko maofisa. Wauzaji wale walidhani wanamsaidia mteja kwa kuandika kwenye boksi kwamba kilichomo ni zawadi, au kwamba bei yake ni ndogo ya kuchekesha. Ofisa akiona gauni la harusi limeandikwa bei ya soksi, haamini karatasi yoyote tena, anakadiria mwenyewe, na anakadiria juu. Alikuja binti mmoja wa namna hiyo, siku nne kabla ya harusi yake. Alilia hadi kope zake za kubandika zikaanguka mezani. Wakala alianza kwa kumgombeza, tena kwa ukali ambao ulinifanya nizime mashine ili nisikie vizuri. Kwa nini hakuuliza kabla? Kwa nini ahifadhi picha mia tatu za gauni na asihifadhi risiti? Alipomaliza kugomba alimwambia leta simu, akaketi naye siku nzima wakirudisha ujumbe mmoja mmoja nyuma, hadi wakapata uthibitisho wa malipo halisi. Nilitoa kopi. Akavaa viatu, akavuka.

Gauni lilitoka siku moja kabla ya harusi. Lilikuwa fupi kwa shubiri nzima. Binti akataka kuanza kulia upya, na Wakala, ambaye wateja kumi walikuwa wanamsubiri, akamtuma fundi wa fremu ya mwisho alete kitambaa cheupe, akawasimamia mpaka pindo likaongezwa. Aliporudi kitini alisema peke yake, akijua nasikia, "Hata hilo pindo ni ushuru."

Kwenye karatasi hakuwa na mzaha. Mfanyabiashara mmoja wa simu alitaka aandikiwe kwamba maboksi yake yana nguo za mitumba. Alimleta samaki mkubwa, sato wa kubebwa kwa mikono miwili. Wakala alimwangalia yule samaki kwa muda, nadhani alimtamani, kisha akasema, "Naandika kilichomo." Yule bwana akasema mawakala wapo wengi. "Wapo," akajibu, "yule wa karibu yuko fremu ya tatu. Kalamu anayo." Bwana akaondoka na samaki wake na hakurudi tena, na alikuwa mteja mkubwa.

Lakini mtu huyo huyo, ambaye hangeandika uongo hata wa neno moja, alidanganya kila siku kuhusu muda. Ukimuuliza kifurushi kitatoka lini alisema Alhamisi. Ukiuliza Jumatatu, ni Alhamisi. Ukiuliza Alhamisi, ni Alhamisi ijayo. Kuna watu wa Buhongwa, mwendo wa kupanda gari mbili, waliokuja Alhamisi tatu mfululizo. Nilimuuliza kwa nini hasemi tu kwamba hajui. Alitia kahawa nyingine mdomoni. "Mtu akiambiwa sijui, halali," akasema. "Akiambiwa Alhamisi, analala hadi Alhamisi." Sikukubaliana naye, na leo pia sikubaliani naye, lakini niliwaona watu wakitoka pale mabega yameshuka kidogo.

Silaha yake ghalani ilikuwa kukaa. Hakupaza sauti na hakumpa mtu kitu mkononi. Kulikuwa na benchi karibu na dirisha la ofisa mthaminishaji, naye aliketi hapo na faili mapajani, akimtazama yule ofisa, kijana mpole aliyemwita mama, mpaka kijana anyanyue tena karatasi aliyoiweka chini. Mfumo wa kompyuta ukiwa chini, na mfumo ulikuwa chini mara nyingi, wengine walirudi zao. Yeye alibaki benchini. "Ukiamka unikute," alisema. Nilipokwenda kumpelekea kopi nilimkuta mara nyingine amesinzia pale, kidevu kifuani, mkono umeshika faili barabara.

Kitu kimoja kilimfurahisha, na kilikuwa cha kitoto kidogo. Kifurushi kikitoka, alimwomba mteja akifungulie pale mezani. Alitaka kuona alichokuwa akikipigania. Aliwahi kupigania boksi moja wiki sita, na lilipofunguliwa lilikuwa na mashine ya kumenyea viazi. Aliigeuza, akazungusha kishikio chake mara mbili, akasema, "Mh." Kisha akavua viatu.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuagiza kitu.

Sasa nifike kwenye langu.

Binti yangu Neema alizaliwa na usikivu hafifu sana. Mlango ukibamizwa aligeuka, lakini ukimwita jina lake hakugeuka. Tulichelewa kuelewa, kama wengi wanavyochelewa. Alipokuwa na miaka sita, daktari wa masikio alimpima na kutuambia kwamba vipo vifaa vya kuvaa masikioni ambavyo vingemsaidia. Vilivyopatikana nchini hatukuviweza. Daktari mwenyewe alituonyesha aina inayofaa, ndugu wakachanga, tukaagiza nje.

Mama yangu alikuwa Ukerewe, upande wa Nansio, tayari anaumwa. Aliposikia, akanipigia simu. "Vikifika msimwambie kitu kwanza," alisema. "Mleteni hapa. Mimi nataka niwe wa kwanza kumwita jina." Nilimwambia ndiyo mama. Kila siku mbili aliuliza kama vimefika.

Vilifika. Notisi ilisema vipaza sauti vidogo, jozi moja. Yule muuzaji, kwa haraka zake au kwa hila zake, aliviandika hivyo. Ushuru ukapigwa wa spika. Haukuwa mdogo, lakini nilikuwa nao. Nilikuwa nimejiandaa kwa sababu nilikuwa nimesikiliza ubao ule miaka mitatu. Niliingia upande wa pili na karatasi nikamwambia, "Mama, leo mimi ni mteja. Fanya tu nilipe, nichukue."

Aliisoma. Akaisoma tena. "Hivi ni nini, Baba Neema?"

"Vya mtoto. Vya masikioni."

"Mbona wameandika spika?"

"Muuzaji ndivyo alivyoandika. Mimi nalipa hiyo hiyo ya spika."

Alivua miwani. "Siwezi kukuandikia spika."

Nilidhani ananitania. Akanieleza, kwa sauti ile ile iliyochoka. Vifaa vya kusaidia kusikia vina namba yao, na kwa namba hiyo havitozwi ushuru. Ila kwa kuwa ni vifaa tiba, vinahitaji kibali cha ofisi inayosimamia dawa na vifaa hivyo, na barua ya daktari, na uthibitisho wa muuzaji kuhusu aina yake. Nikikubali kwamba ni spika, jina langu litaingia kwenye kumbukumbu na spika. Mtoto atakua, sikio litakua, kila baada ya miaka michache ataagiziwa vingine, na kila mara vitakuwa spika. Na atakayekuja nyuma yangu na mtoto wake ataonyeshwa faili langu.

"Mama, mimi si wa nyuma yangu. Mimi ni leo. Bibi yake anaumwa, anasubiri."

"Najua. Nimesikia ukiongea na simu."

"Basi niandikie."

"Nikiandika, nimetia saini kwamba mtoto wako amenunuliwa spika." Alisema hivyo akitazama meza. "Siwezi, baba."

"Kibali kitachukua muda gani?"

Nilisubiri aseme Alhamisi. Akasema, "Sijui." Hapo ndipo nilipoogopa.

Kuna jambo silisemi mara nyingi. Niliweza kwenda fremu ya tatu. Siku ya nne nilikwenda. Nilifika mlangoni kwa yule wakala mwingine, karatasi ikiwa mfukoni, nikamwona anapiga soga na mteja, nikasimama. Sikujua kama nilizuiwa na heshima, au na aibu, au na wazo la kwamba yule mama anaweza kuwa sahihi. Niligeuka nikarudi kwenye mashine yangu. Kwa hiyo ninapomlaumu, na nimemlaumu sana, najua kwamba miguu iliyorudi ilikuwa yangu.

Wakala alifanya kazi ile kama hakuwa na nyingine. Aliandika barua, nikazichapa. Ofisi ya kibali ilitaka barua ya daktari yenye muhuri. Muhuri ulikuwa umefifia, ikarudishwa. Muuzaji alijibu baada ya siku tisa na kutuma maelezo ya kifaa kingine. Mfumo ukawa chini. Wakala alivaa viatu, akavua viatu. Wateja wengine wakaanza kunung'unika. Niliacha kumwamkia vizuri. Nilitupa "shikamoo" nikipita, bila kusimama, naye alijibu "marahaba" kwa upole ambao ulizidi kunikera.

Mama yangu alifariki wiki ya nne. Simu ilikuja mchana, nikiwa natoa kopi za mitihani. Nilifunga duka nikaenda na familia kupanda meli. Siku ya pili ya msiba nilitoka nje nikamwona Wakala ameketi mkekani na wanawake wa kwetu, anamenya mihogo. Alikuwa amevaa viatu vyake vya ghalani, na miguu ilikuwa imevimba mpaka juu. Alivuka ziwa peke yake, hakumjua mtu hata mmoja pale. Nilipopita karibu akasema, "Pole, baba." Sikumjibu. Shangazi zangu walidhani ni mtu wa ukoo wa mke wangu, wakamwachia kazi ya vyombo, naye akaosha. Alikaa siku mbili, akarudi.

Kibali kilitoka wiki moja baadaye. Alivuka na boksi mwenyewe, akaja upande wangu, jambo ambalo alilifanya mara chache, akaliweka juu ya kaunta. Hakuomba lifunguliwe. "Hakuna ushuru," akasema. "Saini hapa." Nikasaini. Akasimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha akaenda zake.

Daktari alimvalisha Neema, akazungusha vitu vyake kwenye kompyuta, akaniambia nimwite. Nilimwita. Aligeuka akaniangalia kwa woga, akaanza kulia, akashika masikio. Mke wangu alicheka na kulia pamoja. Mimi nilikuwa na furaha, siwezi kukataa. Lakini ndani ya furaha ile palikuwa na kiti kitupu, na nilijua nani wa kumdai.

Miezi kadhaa tuliishi hivyo, na ubao kati yetu. Kisha siku moja akaja mama kutoka Buhongwa, mtoto mgongoni, notisi mkononi. Nilisikia kila kitu. Spika ndogo, jozi moja. Nilisikia Wakala akivuta droo. Akamwambia, "Nenda hapo jirani akutolee kopi hizi," na yule mama akaja kwangu na faili. Lilikuwa faili la Neema. Barua ya daktari yenye muhuri wa pili, kibali, namba iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu pembeni. Alilitumia kuonyesha ghalani kwamba jambo hili lilishaamuliwa. Niliweka karatasi kwenye mashine moja baada ya nyingine. Vifaa vya yule mtoto vilitoka siku ya tatu. Baada ya huyo alikuja baba mmoja wa Musoma, kisha bibi na mjukuu wake, kisha wengine. Nilitoa kopi za karatasi zile mara nyingi hadi pembe zake zikachanika, nikalazimika kuzibandika gundi.

Siwezi kusema hapo ndipo niliposamehe. Nilianza tu kusimama ninapomwamkia.

Mwisho wake pale haukuwa na sherehe. Watu walianza kujaza fomu wenyewe kwenye simu, wakawa wanakuja kwake pale tu walipokosea. Macho yakadhoofu, ule mstari wa kitabu ukawa unamkimbia chini ya kidole. Jumatatu moja alipakia mafaili kwenye bajaji, akaniachia viti vitatu vya plastiki, akasema anakwenda kukaa na mdogo wake Buhongwa. Fremu ikachukuliwa na watu wa vipodozi. Hawaongei sana. Mara nyingine najikuta nimezima mashine, nasikiliza.

Mwaka jana nilikwenda Buhongwa kupeleka karatasi za mitihani kwenye shule moja. Ilikuwa alasiri, wingu zito limejikusanya upande wa mjini. Nilikuwa natembea kurudi barabarani niliposikia, "Baba Neema!" Alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha nyumba ndogo, ungo wa maharage mapajani, anachambua kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Alikuwa amekonda. Miguu ilikuwa wazi, imeegeshwa juu ya kigoda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa. Duka lipo?"

"Lipo. Linakwenda hivyo hivyo."

"Na pale ghalani? Yule kijana wa dirishani?"

"Alihamishwa."

"Alikuwa mtoto mzuri. Mwoga tu." Akachambua kidogo. Mdogo wake akatuletea chai na kurudi ndani. Tukanywa. Mimi nilitafuta namna ya kuaga.

"Siku ile," akasema, bila kunitazama, "ulikwenda fremu ya tatu."

Niliweka kikombe chini. "Ulijuaje?"

"Nilikuwa natoka ghalani. Nilikuona umesimama mlangoni kwake." Vidole vyake vilisimama kwenye ungo. "Nami nikasimama kule ng'ambo ya barabara. Nikasema, Mungu, aingie. Aingie tu, huyu amwandikie hiyo spika, mtoto apelekwe kwa bibi yake, mimi nitue. Niliomba kabisa, baba. Kisha ukageuka."

Kwa miaka yote ile nilidhani alikuwa na uhakika.

"Kwa hiyo ungefurahi ningeingia?" nikamuuliza.

"Ningefurahi. Na nisingekuandikia hata hivyo." Alisema kwa uchovu, kama mtu anayesoma mistari miwili ya fomu isiyopatana, na yote miwili ni ya kweli. "Umenisamehe?"

Nilifikiri kumjibu vizuri, kama unavyomjibu mtu mzima. Nikasema, "Sijui, mama."

Aliitikia kwa kichwa. "Sawa." Akarudi kwenye maharage yake.

Matone ya kwanza yakaanza kugonga bati juu yetu, moja moja, makubwa. Nikasimama kuvuta kigoda chake ndani kidogo asilowe. Akasema, kwa sauti iliyobidi aipandishe sasa, "Ana miaka mingapi?"

"Kumi na minne. Ameshabadilisha vile vifaa mara mbili. Vilitoka bila shida."

"Mvua anaisikia?"

"Anaisikia," nikasema. "Haipendi. Nyumba yetu ni bati tupu kama hii. Ikianza tu anavivua, anaviweka mezani, anasema mvua ina kelele kama watu wasio na adabu. Anavivaa ikikatika."

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka. Sikuwahi kumsikia akicheka, si kupitia ubao wala ana kwa ana; kilikuwa kicheko kidogo, kibovu, cha mtu asiye na mazoezi, kikamshika mbavu hadi maharage yakamwagika kwenye sakafu. "Anavivua!" alisema. "Wiki tano! Anavivua!" Nikaanza kucheka na mimi. Mdogo wake akachungulia mlangoni kuona kuna nini, lakini mvua ilikuwa imeshashika bati lote, na hakuna aliyeweza kumweleza. Nilipiga magoti nikaanza kuokota maharage, naye akaninyooshea ungo.